Kisima Kilichoshika Sabato

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, ng'ombe wa kwanza wameshafika kisimani Kiloriti, lakini pampu haijawashwa. Inamsubiri Nasteho Abshir.

Amepiga magoti kwenye saruji, pindo la dera lake amelichomeka kiunoni juu ya suruali nzito. Mkononi ana kifaa kama gurudumu dogo, kilichozungushiwa utepe wa manjano wenye alama za mita na sentimita. Mafundi wanakiita dipa. Anauteremsha utepe taratibu ndani ya bomba jembamba, mita baada ya mita, mpaka ncha yake inapogusa maji na kengele ndogo kulia. Anaupandisha kidogo, anaushusha tena. Kengele inalia palepale.

"Hamsini na nane nukta arobaini," anasema bila kuinua kichwa, huku akiandika daftarini. Kisha ananyoosha mkono juu.

Lemein, mwenyekiti wa kamati ya kisima, anauona mkono huo na kubonyeza swichi. Pampu inanguruma, na baada ya muda maji yanaanza kumwagika kwenye birika la kunyweshea mifugo.

"Takwenya, Mama Ilwad," mfugaji mmoja anamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," anaitikia.

"Imepanda ama imeshuka?"

"Imepanda sentimita nane tangu wiki jana."

Mfugaji anageuka na kuwapasha habari ng'ombe wake kwa Kimaasai. Wanawake waliopanga mitungi wanacheka.

Nasteho, mwenye umri wa miaka 41, anafanya kazi ambayo wengi katika Kaunti ya Kajiado hawajui kama ipo. Kila wiki anazunguka kwa pikipiki kwenye visima 27 vilivyochimbwa kwa mashine, kuanzia mitaa ya fleti mjini Kitengela hadi vijiji vya wafugaji kusini, akipima maji yako umbali gani kutoka juu. Hachimbi, hauzi maji, wala hatengenezi pampu. Anapima na kuandika, basi.

Lakini ni kupima huko kulikosogeza mpaka uliokuwa umeshachorwa kwenye ramani, na kuwapa watu wa Kiloriti sauti juu ya maji waliyokuwa wakiyapoteza bila kujua yanakwenda wapi.

Nasteho alizaliwa Wajir, katika familia iliyokuwa na kisima cha kuchimbwa kwa mkono. Baba yake, Mzee Abshir, hakumruhusu mtu kuchota asubuhi kabla ya yeye kuteremsha kamba yenye mafundo na kuhesabu.

"Aabo alikuwa anasema kisima ni kama mgonjwa," anakumbuka. "Kwanza unamshika mkono, unamuuliza ameamkaje. Ndiyo uanze kumwomba kitu."

Alihamia Kitengela mwaka 2011 pamoja na mumewe, Jeylani, ambaye mpaka leo huuza mbuzi katika soko la mifugo la mji huo. Nasteho alipata kibarua cha kuuza maji kwa mitungi kwenye kisima cha mwenye ploti mmoja. Katika mwaka wake wa pili, pampu ya kisima hicho iliungua mara mbili, na kila mara mwenyewe alilipa zaidi ya shilingi laki moja kuirudisha.

"Nikaona shida si pampu," anasema. "Maji ilikuwa inashuka, pampu inabaki juu inavuta hewa. Na hakuna mtu alikuwa anaangalia."

Alinunua kamba ya nailoni, akaifunga mafundo kila baada ya mita moja, akaning'iniza nati kubwa kwenye ncha. Mita za mwisho alizipaka chaki. Kamba ikipanda, pale chaki ilipolowa ndipo maji yalipofika. Aliandika namba hizo katika daftari la shule la binti yake, Ilwad, kwenye kurasa za nyuma ambazo hazikuwa zimetumika.

Pampu haikuungua tena. Habari zikaenea kwa wenye visima wengine, na mwaka 2019 walipoanzisha chama cha watumiaji wa maji ya ardhini, walimwajiri Nasteho na kumnunulia dipa. Leo analipwa shilingi 22,000 kwa mwezi na mafuta ya pikipiki.

"Siku ya kwanza walinipa hiyo dipa nililala nikiwa nimeiweka chini ya kitanda," anasema akicheka. "Jeylani aliniuliza kama ni yeye atahama."

Chama hicho kilikuwa na kazi moja ngumu: kuamua mwisho wake uko wapi.

Maji ya ardhini hayafuati ua wa ploti. Visima vingi vinaweza kuwa vinachota akiba moja hata kama viko mbali, na vingine viwili vilivyo karibu vikawa vinachota akiba tofauti. Eneo lote linalochangia akiba moja ndilo wataalamu wanaloliita bonde la maji ya ardhini. Nasteho ana njia yake ya kulieleza wenyeji.

"Nawaambia ni karai," anasema. "Kama sisi sote tumeweka mrija katika karai moja, wewe ukivuta kwa nguvu mimi nitasikia. Swali ni karai inaishia wapi."

Swali hilo lilikuwa na uzito. Aliye ndani ya mpaka angekuwa mwanachama, mwenye kura, na angefuata masharti ya saa za kuvuta maji wakati wa kiangazi. Aliye nje asingefungwa na masharti hayo, lakini pia asingeweza kumwambia mtu yeyote apunguze.

Katee, mtaalamu wa miamba na maji ya ardhini aliyeajiriwa na chama kuchora ramani, aliweka mpaka wa kusini kwenye laga, mto mkavu ambao hupitisha maji nyakati za mvua tu. Kiloriti iko upande wa pili wa laga hiyo. Kaya 140 na mifugo yao wakabaki nje.

"Niliuchora pale kwa sababu sikuwa na vipimo vya kutosha ng'ambo ile," Katee anakiri leo. "Laga ilionekana kama mahali pa busara pa kusimama. Haikuwa."

Wakati huo maji ya Kiloriti yalikuwa yakishuka kila mwaka. Lemein aliandika barua akiomba kijiji chake kiingizwe. Wenye fleti walikataa, wakiongozwa na Githongo, mkazi wa Embulbul mwenye majengo manne mjini Kitengela.

"Nilisema wazi, laga ni mpaka, na kila mtu ana maji yake," anasema Githongo. "Niko na wapangaji karibu mia mbili. Siwezi kuwafungia mabomba kwa sababu ya kisima kilicho mbali hivyo."

Kisha ikaja Idd ya mwaka juzi.

Ingawa Kiloriti ilikuwa nje ya mpaka, Nasteho aliipima kwa ombi la Lemein, kila Jumanne alfajiri. Wiki ile wageni kutoka Wajir na Garissa walijaa nyumbani, sufuria hazikutoka jikoni, na Jumanne ikapita. Alipata nafasi Jumapili. Aliswali, akawasha pikipiki, akafika kisimani kabla pampu haijawashwa.

Kengele ya dipa ililia mapema mno. Maji yalikuwa yamepanda karibu mita mbili.

"Nilifikiri utepe umekunjika huko ndani," anasema. "Nikatoa, nikapangusa, nikarudisha. Namba ni ileile. Nikarudia mara tatu."

Lemein alimwambia ni mvua. Kweli ilikuwa imenyesha siku nyingi, mashamba yamelowa na barabara imekatika. Nasteho hakuridhika. Kisima kina mita zaidi ya mia moja kwenda chini, na mvua haiwezi kufika huko kwa siku chache. Aliporudi Jumanne, mvua bado ikinyesha, maji yalikuwa yameshuka pale pa zamani.

Kuanzia hapo alikwenda Kiloriti kila alfajiri kwa siku kumi na nne, akitumia mafuta yake mwenyewe. Namba zikasema jambo lilelile. Jumatatu hadi Ijumaa maji yalikaa chini. Jumamosi yalianza kupanda. Jumapili yalikuwa juu kabisa. Jumatatu yalirudi chini.

"Nikajiuliza, ni nani huku anapumzika Jumamosi?" anasema. "Sisi Waislamu siku yetu ni Ijumaa, na hatufungi visima. Watu wa kanisa wengi ni Jumapili, lakini Jumapili maji ilikuwa tayari iko juu. Kwa hivyo ilianza kupanda kabla yao."

Alipitia orodha yake ya visima vyote 27, kimoja baada ya kingine. Jibu alilipata langoni kwa Ouko Ojwang, kilomita nne kaskazini mwa laga, kwenye kisima kinachojaza malori ya maji. Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Siku nyingine malori husimama foleni hapo tangu alfajiri. Siku hiyo lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ubaoni palikuwa na maneno haya: "Leo ni Sabato. Karibu Jumapili saa moja asubuhi."

Mzee Ouko, mwenye umri wa miaka 67, ni shemasi wa kanisa la Waadventista. Alifika Kitengela akitokea Homa Bay baada ya kustaafu kazi ya reli, na kwa miaka kumi na miwili pampu yake imezimwa kila Ijumaa jua linapokaribia kuzama.

Nasteho alirudi Jumapili, akamkuta mzee na mkewe, Caren, wakifungua lango. Alifungua daftari juu ya boneti ya lori na kuwaonyesha.

"Mzee Ouko, mimi sikuja kukulaumu," alimwambia. "Nimekuja kuuliza tu. Pampu yako ikizimwa, kisima cha Wamaasai ng'ambo ya laga kinapanda. Ikiwashwa, kinashuka. Unaona hizi namba?"

Mzee alivaa miwani, akazifuata kwa kidole safu nzima. Kisha akamsogezea mkewe daftari. Aliyesema ni Caren.

"Sisi tulikuwa tunajua tunapumzika wawili," alisema. "Kumbe hata maji inapumzika."

Mkutano wa chama ulipofanyika Januari mwaka jana, Nasteho alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya wanachama wote. Alifungua daftari lake. Alisoma namba. Baadhi walicheka aliposema kisima cha Kiloriti hupanda siku ya Sabato.

"Githongo aliniuliza kama hicho kisima kimebatizwa," anakumbuka. "Watu wakacheka sana. Hata mimi nilitaka kucheka, lakini niliogopa nikicheka nitalia."

Githongo hakanushi. "Nilisema daftari ya mtu mmoja haiwezi kusogeza mpaka. Ningesema hivyo hata leo. Lakini niliongeza kitu kimoja: kama ni kweli, tuonyesheni siku ambayo si Sabato."

Katee alikubali mara moja. Alipendekeza jaribio: Ouko azime pampu Jumatano alfajiri, katikati ya wiki na katikati ya kiangazi, aiwashe Ijumaa alfajiri. Kiloriti nao wasivute maji tangu Jumatatu jioni mpaka jaribio liishe, ili kisima chao kitulie na kisije kikapanda kwa sababu ya kupumzika chenyewe.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito kwa kila upande. Kwa Ouko, siku mbili bila malori zilikuwa hasara, na zaidi ya hapo, jaribio likifaulu lingethibitisha kwamba pampu yake ndiyo inayoshusha maji ya wenzake. Angelazimika kuipunguza kwa maisha yake yote.

Mwanawe mkubwa alimpigia simu kutoka Nairobi kumsihi akatae. Mzee anakumbuka alichomjibu.

"Nilimwambia, kabla ya huyo mama kuja, mimi sikujua. Sasa najua. Mtu akijua halafu anyamaze, hata Sabato yake ni bure."

Kwa Kiloriti, siku nne bila pampu wakati wa kiangazi kilikuwa kitendo cha imani. Lemein, mwenye umri wa miaka 46, alizunguka boma kwa boma kwa wiki nzima. Wanaume walikubaliana kupeleka mifugo kisima cha mbali, mwendo wa saa tatu. Wanawake walijaza matenki mawili na kila mtungi uliokuwa kijijini, kwa matumizi ya watu peke yake.

"Mama mmoja aliniuliza, na hiyo maji isipopanda?" anasema Lemein. "Nilimjibu, isipopanda tutakuwa tumetembeza ng'ombe bure na tutanyamaza. Lakini mimi namwamini Mama Ilwad. Amepima hapa miaka mingi, na hajawahi kutuambia namba tamu ili tufurahi."

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, Ouko alizima pampu yake na kumpigia simu Katee, aliyekuwa amesimama kando ya Nasteho kule Kiloriti. Nasteho akateremsha utepe. Mita sitini na tatu na sentimita ishirini.

Saa moja, namba ileile. Saa tatu, namba ileile. Saa sita mchana jua likiwa kali juu ya vichwa, maji bado yalikuwa mita sitini na tatu na sentimita ishirini. Wanawake waliokuwa wameketi kwenye kivuli cha tenki walianza kuondoka mmoja mmoja.

"Hapo niliwaangalia wakienda zao," anasema Nasteho. "Nikaangalia ile birika imekauka, nikafikiria ng'ombe ya watu iko njiani na kiu. Yote kwa sababu ya daftari yangu. Nilisema moyoni, ya Rabbi, kama nilikosea, wacha nikose peke yangu."

Saa tisa alasiri aliteremsha tena. Kengele ikalia. Akasoma, akamwita Katee asome pia. Mita sitini na tatu na sentimita kumi na mbili.

Sentimita nane. Ni kama urefu wa kidole.

"Katee aliniambia tusiseme bado, tungoje," anasema. "Lakini Lemein alikuwa ameona uso wangu."

Saa kumi na mbili jioni maji yalikuwa yamepanda sentimita thelathini na tano. Alhamisi alfajiri, zaidi ya mita moja. Kufikia hapo Kiloriti yote ilikuwa imerudi kisimani, na watoto walikuwa wakihesabu kwa sauti kila Nasteho alipozungusha gurudumu. Ijumaa alfajiri namba ilikuwa mita sitini na moja na sentimita thelathini na tano. Ouko akawasha pampu. Kabla ya jua kuzama, maji ya Kiloriti yalikuwa yameanza kushuka tena, kama daftari lilivyosema.

Lemein alisimama juu ya ukingo wa birika lililokauka na kutangaza kwa Kimaasai. Nasteho hakuelewa yote, lakini alilisikia neno Sabato, na akaona wazee wakishikana mabega kwa kicheko.

"Niliwaambia kisima yetu imekuwa Msabato miaka yote hii na hakuna mtu alitualika kanisani," anasema Lemein.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyelitarajia. Alhamisi hiyo Githongo alifika Kiloriti kujionea mwenyewe. Alikaa saa mbili, akaomba ashike utepe, akaisikia kengele kwa sikio lake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama Nasteho angeweza kupitia kwenye fleti zake jioni.

Maji ya kisima chake nayo yalikuwa yamepanda, sentimita sitini tangu kipimo cha kabla ya jaribio.

"Miaka mitatu nilikuwa nanunua pampu kubwa zaidi nikidhani wapangaji wanamwaga maji," Githongo anasema, na safari hii anacheka mwenyewe. "Kumbe mimi na Mzee Ouko tulikuwa tunavutana bila kujua. Ningemuuliza huyu mama mapema ningekuwa nimemaliza jengo la tano."

Basi ikajulikana kwamba laga si mpaka. Lakini mpaka ulikuwa wapi?

Ili kulijibu hilo hawakuhitaji kumfungia tena Mzee Ouko. Kila Sabato yake ikawa jaribio la bure. Kwa wiki saba, Katee na Nasteho walipima Ijumaa jioni na Jumapili alfajiri, kila wiki wakisogea kusini zaidi, kisima hadi kisima, kuelekea upande wa Kajiado mjini. Kilomita tano kutoka laga maji yalipanda zaidi ya mita moja. Kilomita tisa, sentimita arobaini. Kilomita kumi na mbili, sentimita kumi.

Kisha wakafika kwenye mgongo mrefu wa ardhi ambapo mawe meusi ya volkano yanakoma na kuanza mawe meupe yanayometameta juani. Kisima cha kwanza ng'ambo ya mgongo huo hakikutikisika hata sentimita moja. Walirudi Sabato iliyofuata. Hakikutikisika.

"Hata ladha ya maji ni nyingine," anasema Katee. "Mwamba umebadilika, maji yamebadilika. Pale ndipo karai la Nasteho linapoishia. Nilichora mstari nikiwa nimesimama juu yake."

Ramani mpya ilipelekwa kwenye mkutano uliofanyika katika ukumbi wa kanisa mjini Kajiado mwezi Mei mwaka jana. Ilipita kwa kura 31 dhidi ya nne. Aliyeiunga mkono kwanza ni Githongo.

Kilichofuata ndicho kinachozungumzwa zaidi Kitengela. Wanachama walipoanza kubishana kuhusu saa za kuvuta maji, Caren Ojwang aliomba nafasi. Aliuliza kwa nini kila kisima kikubwa kisiwe na siku yake ya kupumzika, mwenyewe akichagua.

Wazo hilo lilipita bila kura. Ouko alibaki na Jumamosi yake, akakubali pia kuvuta saa tisa kwa siku badala ya kumi na sita wakati wa kiangazi. Githongo alichukua Jumapili. Abdijabar, mwenye kisima na ghala la bidhaa kando ya barabara ya Namanga, alichukua Ijumaa. Kiloriti walichagua Jumatano, siku ambayo wengi wao huwa sokoni. Wengine wakachukua siku zilizobaki, na sasa kila siku ya wiki kuna mahali maji yanapumzika.

Hasara ipo. Ouko anasema alikuwa akijaza malori arobaini kwa siku, sasa ni ishirini na manane. Amejenga matenki mawili makubwa ili ahifadhi anachovuta. "Lakini pampu yangu haivuti tena hewa," anasema. "Na Jumamosi kanisani nasinzia zaidi kuliko zamani, kwa sababu roho imetulia."

Wakati wa jaribio maji ya Kiloriti yalikuwa mita sitini na tatu chini. Wiki hii, katika kiangazi kama kile, ni hamsini na nane. Pampu inafika bila kuhangaika, na hakuna aliyetembeza ng'ombe wake kisima cha mbali tangu Juni mwaka jana.

Wanakijiji walimwita Nasteho na familia yake nyumbani kwa Lemein. Walimpa mtama mwekundu, mchele, maziwa ya mtindi, na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, anayechungwa pamoja na mifugo ya kijiji kwa sababu Nasteho anaishi nyumba ya kupanga.

"Jeylani ameuza mifugo miaka ishirini," anasema. "Alimzunguka huyo mtamba akimwangalia meno, akaniambia bei yake. Nikamwambia, huyu hauzwi. Alinuna mpaka tukafika nyumbani."

Mpaka ulipotangazwa, hata hivyo, kuna walioachwa nje kwa haki. Ng'ambo ya mgongo wa mawe meupe kuna visima sita ambavyo havimo katika chama hiki wala kingine chochote, kwa sababu, ukiacha zile Sabato mbili katika kisima cha kwanza, hakuna aliyewahi kuvipima. Mmoja wa wanaovitunza ni Roda Namalwa, mwuguzi mstaafu aliyehamia huko kutoka Bungoma na ambaye huwauzia majirani maji. Aliposikia kwamba kisima chake hakikutikisika, hakufurahi wala hakukasirika. Alimpigia simu Nasteho.

"Nilimuuliza, kama sisi si wa karai yenu, sisi ni wa nani?" anasema Roda.

Swali hilo limempa Nasteho kazi mpya. Chama kimekubali kumwazima dipa ya pili, na tangu mwezi uliopita anavuka mgongo kila Alhamisi alasiri kuwafundisha watu sita, mmoja kwa kila kisima. Watano ni wanawake. Anataka wapime mwaka mzima, kiangazi na masika, kabla ya mtu yeyote kuchora mstari wowote. Yeye mwenyewe amejiandikisha kusomea cheti cha maji mwezi Septemba, akilipa karo kidogo kidogo kutoka mshahara wake. Ilwad, aliye kidato cha tatu, humfundisha hesabu wakati wa likizo.

"Nataka ifike siku kila kisima kutoka Kitengela mpaka Kajiado iko na mtu wake wa kuiandika," anasema. "Si lazima awe mimi. Mimi nitazeeka. Maji itabaki hapo."

Alhamisi alasiri, nyumbani kwa Roda, mwuguzi huyo mstaafu anateremsha utepe kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa. Anausoma mara mbili kama alivyozoea kusoma joto la mgonjwa, kisha anaandika: mita arobaini na moja, sentimita sita. Nasteho anachungulia ukurasa, anamrudishia kalamu.

"Weka tarehe, Mama Roda. Bila tarehe hiyo ni namba tu."

Roda anaweka tarehe. Anautazama mgongo wa mawe meupe upande wa kaskazini, kisha nyika iliyo wazi kusini na mashariki, isiyo na mto wala kilima cha kumsaidia mtu kukisia.

"Na mpaka wetu sisi uko wapi?" anauliza.

"Sijui," anasema Nasteho, akitabasamu na kuanza kuuzungusha utepe. "Ndiyo tunaanza leo."